Tumbo Langu na Midomo Yao

Kuna neno moja nikilisikia hadi leo damu inanichemka: alsa, yaani vidonda vya tumbo. Huku Eastlands, Nairobi, ukishika tumbo mbele ya watu, hujafungua mdomo umeshapewa alsa. Muuza mboga atakupa alsa. Mwenye duka la dawa atakupa alsa na vidonge vya kutafuna juu yake. Mtu hajui tumbo linaanzia wapi wala kuishia wapi, lakini alsa yako anaijua, anajua imeletwa na chai ya rangi, na ana binamu aliyepona kwa maji ya kabeji. Mimi niliyanywa hayo maji ya kabeji. Nilikunywa na viazi vibichi vilivyosagwa, nikiziba pua, kila asubuhi, kwa sababu mwanamke mmoja wa kanisani aliapa kwamba vilimponya mumewe. Mumewe sikuwahi kumwona.

Maumivu yangu hayakuwa ya alsa. Nilijua hivyo kwa kuwa tumbo ni langu na nilikuwa nalo tangu nipate akili. Nikila sahani ya ugali na sukuma kama watu wengine, muda kidogo hupita, kisha hapa juu ya kitovu panaanza kusokotwa. Tumbo linafura upande wa juu tu. Natapika. Halafu linaachia lenyewe, na nabaki mzima kabisa, naweza hata kubeba gunia. Njia ya kulituliza ilikuwa moja: kupiga magoti, kifua chini, makalio juu, na kungoja. Mwanamke mzima, mwenye kibanda chake cha mikoba na mishipi ya ngozi pale Kariokor, napiga magoti chini ya meza katikati ya viatu vya akala, na mteja amesimama juu yangu anaita, "Mathe, uko wapi? Hii belti ni how much?" Namjibu bei kutoka huko chini. Wengine walidhani nasali, wakasubiri kwa heshima.

Kliniki za mtaani zilinipa taifodi. Nadhani hakuna damu iliyowahi kuingia katika zile kliniki ikatoka bila taifodi. Nilipewa taifodi mara nyingi kiasi kwamba daktari wa mwisho akinitajia nilikuwa namaliza sentensi yake. Nikapewa brusela, ingawa maziwa mabichi sinywi. Nikapewa amiba. Mmoja alisema ni harufu ya gundi ninayobandikia ngozi. Mwingine, kijana mwenye koti jeupe lenye doa la wino, aliniuliza kama nina mume. Nikamwambia sina. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu alilolitaka, akaniambia nipunguze mawazo. Nilimuuliza nipunguze lipi kati ya mawazo yangu, akasema mgonjwa mwenye hasira hawezi kusaidiwa.

Katika watu wote hao hakuna aliyenilaza chali akanibonyeza vizuri, na hakuna aliyeniuliza natapika rangi gani. Walinichoma sindano, wakanipa karatasi ya dawa, wakaita anayefuata. Na mimi nilizidi kukonda, kwa sababu mtu anayejua kwamba chakula kitamsulubu hujifunza kutokula. Sketi nilizifunga kwa pini. Nilijua wazi kwamba nikiendelea hivyo nitakufa, na kwamba watu watakuja mazishini wakisema alsa ni mbaya.

Nimezaliwa Kaloleni na bado naishi huko, katika nyumba ile ile ambayo baba alipewa akiwa mfanyakazi wa reli. Mama alifagia ofisi za baraza la jiji, na alirudi kazini mimi nikiwa bado mchanga. Aliniacha kwa jirani wa mlango unaotazamana na wetu, mjane ambaye sote tulimwita Kukhu, yaani bibi, kwa lugha ya kwetu magharibi. Si ndugu wa damu. Mama alikuwa akikimbia nyumbani saa ya chakula kuninyonyesha, kisha anakimbia tena, na saa zilizobaki zote nilikuwa mgongoni mwa Kukhu au magotini mwake. Wazazi wangu walipofariki, ni yeye aliyebaki akiniuliza kama nimekula. Alikuwa anakaanga mandazi barazani kwake asubuhi, na watoto wa shule wa upande wetu wote walipitia kwake. Mimi alinitengenezea uji wa wimbi mwepesi, maana aligundua kwamba kitu chepesi kinapita. Aligundua hilo bila koti jeupe.

Sasa nije kwa shangazi yangu, dada ya baba, ambaye sisi humwita Senge. Senge alifanya kazi ya ofisi maisha yake yote, akastaafu, anakaa Donholm katika nyumba yenye vigae na geti jeusi. Baada ya baba kufa alijiweka kuwa mkubwa wa familia, na hakuna aliyempinga, hata kaka yangu ambaye kiwandani anasimamia wanaume wenye nguvu kuliko yeye. Senge ananipenda, na nalisema hili mapema ili nisionekane namchukia. Lakini kuna mapenzi yanayoweza kukuzika ukiwa hai.

Jumapili moja alituita kula. Kwetu kuku wa mgeni hakataliwi. Ukikataa umemtukana aliyempika, umesema anakuwekea kitu. Kwa hiyo nilikula, na ugali nikala, na mchuzi nikanywa, huku nikijua. Kabla ya chai nilikuwa chooni kwake nimeshika sinki. Nilipofungua mlango nikamkuta amesimama pale pale na kitambaa cha sahani mkononi.

"Kuku wangu amekufanya nini?"

"Si kuku, Senge. Ni hili tumbo."

"Asubuhi ulikula wapi?"

"Nilikunywa uji kwa Kukhu."

"Kwa Kukhu," akasema. Akarudi jikoni. Nilimsikia akisema tena, peke yake, "Kwa Kukhu."

Kwa asiyetoka upande wetu, nieleze. Yapo maneno kwamba watu fulani, hasa wanawake, na hasa wanawake wazee wasio na mtu wa kuwatetea, wana jicho. Wakikutazama ukila, chakula kile kinakwama tumboni na kukaa huko, kinakumaliza polepole. Hospitali hawakioni. Ukichomwa sindano ni hatari, ukipasuliwa ndiyo mwisho wako. Dawa yake ni mama anayejua kukanda tumbo kwa samli na kukitoa kile chakula kupitia ngozi. Wapo watu wenye digrii wanaoamini haya. Wapo wanaoyaamini Jumamosi na kuimba kwaya Jumapili, na ukiwauliza watakuambia hawajui unazungumzia nini.

Mama huyo wa kukanda aliletwa Donholm. Niliambiwa ni mgeni tu, nije nimsalimie. Nikajikuta nimelazwa juu ya mkeka sebuleni kwa Senge, blauzi imepandishwa, na wanawake wawili wa kanisa lake wamenishika mikono. Hao walikuwa wakiomba kwa jina la Yesu kwa sauti ya juu, na yule mama akinong'ona maneno yake ya chini chini, na hakuna kati yao aliyeona kwamba kuna kasoro. Alinipaka samli. Akanikanda kwa vidole vya chuma, pale pale panaposokota, akisukuma kutoka juu kwenda chini. Nilipiga kelele mpaka mbwa wa jirani akajibu. Senge alinikalia miguu akilia na kusema, "Vumilia, mama, kinatoka."

Kikatoka. Chini ya kitambaa alichonitandikia tumboni alichota maganda ya maharagwe, kimfupa cha samaki, na kipande cheusi cha kitu laini. Akakinusa. "Mandazi," akasema.

Nilimwona akitia vidole kwenye pindo la leso yake. Nililisema hilo pale pale, nikiwa bado nimelala na samli inanitiririka mbavuni. Nikasema huyu mama ameyabeba hayo maharagwe kutoka kwake. Senge akamtazama yule mama kwa aibu, akamwomba msamaha kwa niaba yangu. "Mgonjwa hajui anachosema," akamwambia, na akamfungia kuku wa kwenda naye.

Jambo kama hilo halikai Donholm. Lilifika Kaloleni kabla yangu. Hakuna aliyemwendea Kukhu akamwambia neno, kwa maana watu wetu wana adabu. Ni watoto tu waliokuwa wakiitwa na mama zao walipokaribia baraza lake. "Kuja hapa! Leo nimekununulia mkate." Ni wanawake wa chama chake tu, waliokuwa wakinywa chai kwake kwa zamu, ambao ghafla walikuwa na shughuli. Mandazi yalilala kwenye beseni mpaka yakakauka. Alikaanga machache zaidi, halafu machache kuliko hayo, halafu asubuhi moja nilitoka nje na sikusikia harufu ya mafuta.

Niligombana na kila mtu. Niligombana bombani, niligombana kwenye kioski cha maziwa, nilimfuata mama mmoja hadi kwenye kamba yake ya nguo nikamuuliza mbele ya majirani kama ni kweli amemkataza mwanawe mandazi ya Kukhu, na mandazi hayo hayo ndiyo yaliyomlea yeye mwenyewe. Aliendelea kuanika shuka. Nilipokuwa naondoka nilimsikia akimwambia mwenzake, "Umeona? Hata hizo hasira si zake. Amefungwa, maskini." Nielezeni mimi mtu anajitetea vipi hapo. Ukinyamaza umekubali, ukisema umefungwa.

Kukhu hakuniuliza chochote. Uji aliendelea kuupika, ila sasa aliuleta kwangu ndani ya chupa ya chai akauacha mlangoni, akarudi kwake kabla sijamimina. Nilidhani anaogopa kuonekana nami.

Siku tumbo liliponishika kweli kweli, nilikuwa Kariokor na jua liko utosini. Nilikuwa nimekula githeri ya mahindi na maharagwe, vijiko vichache tu. Lilianza kama kawaida na mimi nikashuka chini ya meza kama kawaida. Halikuachia. Nilibadilisha magoti, nikalala ubavu, nikarudi magotini, jasho linadondoka kwenye ngozi ambazo zingetakiwa kubaki kavu. Jirani yangu wa kibanda, mama anayeuza shanga, aliinama kunitazama. "Wee, hii si ya kila siku," akasema. "Mbona umekuwa rangi ya majivu? Amka. Wacha hizo mikoba, hakuna mtu ataiba." Alinipakia kwenye teksi yeye mwenyewe na akampigia Senge njiani.

Katika hospitali ya serikali nilikaa kwenye benchi nimejikunja hadi daktari wa zamu akanifikia. Alinishika tumbo kwa vidole viwili juu ya nguo. Na akasema. Nadhani mnajua alichosema. Alisema, "Hii ni alsa tu, mama, tutakudunga ya maumivu uende nyumbani." Nikamshika koti. Nilimshika na sikumwachia, na nilisema kwa sauti iliyofanya benchi zote zigeuke, kwamba nimekunywa dawa za alsa mpaka naweza kuzifungulia duka, kwamba nikienda nyumbani leo nitakufa, na kwamba jina lake nimelisoma kifuani na nitakufa nikilitaja. Mlinzi aliitwa. Senge, ambaye alikuwa amefika, aliona haya akajifunika uso kwa mkoba.

Kelele hizo ndizo zilizomleta daktari wa upasuaji. Alikuwa akipita tu, mwanamke wa rika langu, mfupi, mwenye viatu vya mpira na uso wa mtu ambaye hajakaa chini siku nzima. Alimwambia mlinzi aniachie. Akanipandisha kitandani, akafunua tumbo, akalitazama kwanza kabla ya kuligusa. Aliligusa kote, taratibu, akiuliza hapa, na hapa. Kisha akauliza, "Unatapika rangi gani?"

Machozi yalinitoka. Siyo kwa maumivu. "Kijani," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu aanze kula kwa jirani fulani," Senge akajibu.

"Mama, nimemuuliza yeye." Akanigeukia. "Ukiwa mtoto ilikuwaje? Mama yako yuko?"

"Alifariki. Aliyenilea yuko."

"Mpigie."

"Usimpigie huyo!" Senge akasema, na akaushika mkono wangu wenye simu. Nikauvuta. Nilipiga, nikaweka sauti ya nje, na nikamsikia Kukhu akikohoa kabla ya kusema haloo, kama kawaida yake. Nikamwambia daktari anauliza kama nilitapika nikiwa mtoto.

"Mbona ulitapika sana, mama," akasema. "Ulikuwa wa kunyonya tu, hata uji hujaonja. Kijani, kama kunde zilizopondwa. Mama yako alikupeleka kliniki wakasema ni gesi. Mimi nilikuwa nakulaza kifudifudi hapa kwa magoti yangu, matako juu, unanyamaza. Umelazwa? Nani yuko na wewe?"

Nilimtazama Senge. Nilitaka asikie vizuri: wa kunyonya tu, hata uji hujaonja. Nilitaka kumuuliza ni nini nilichokula siku hizo ambacho mtu angekitazama. Sikuwa na pumzi. Daktari alikuwa ameshaanza kumwita muuguzi. Alitaka nipigwe picha ya tumbo kwa ile mashine ya mviringo, saa hiyo hiyo, na alimwambia yule daktari wa zamu maneno machache kando ambayo sikuyasikia, ila niliona masikio ya kijana yakiwaka, na sikumhurumia.

Picha iliporudi alinieleza mwenyewe, akichora kwa kalamu nyuma ya glavu. Mtoto akiwa bado tumboni mwa mamake, utumbo wake huzunguka unapokua, na kila sehemu hufika mahali pake ikashikwa ukutani isitembee. Wangu haukuzunguka. Mwembamba wote ulikaa kulia, mnene wote kushoto, na utepe mgumu wa nyama ukapita juu ya mahali chakula kinapotoka tumboni, ukapabana. Na utumbo wote ulikuwa unaning'inia kwenye kishina chembamba, kwa hiyo uliweza kujisokota na kujisokotoa. Ndiyo maana ulikuwa unashika na kuachia. "Leo umejisokota na haujarudi," akasema. "Damu haipiti. Ukingoja, utumbo unakufa, halafu wewe. Ni jambo ambalo kwa mtu mzima hatulioni mara nyingi. Nataka kukufungua sasa."

Kaka yangu alikuwa amefika kutoka kiwandani, bado na vumbi la kazi. Senge akamvuta pembeni, lakini wodi haina pembeni, nilisikia kila neno. Tumtoe. Tumpeleke nyumbani, atolewe lililobaki kwanza. Ukimkata na jicho bado limo ndani, anafia mezani. Wangapi wamefia mezani? Kaka yangu akaja akasimama miguuni pangu, akitazama shuka. "Tungoje kidogo tu," akasema. "Hii kitu si ya hospitali peke yake. Sisi tunakutakia mema."

Nimekasirika mara nyingi maishani, lakini ile hasira niliipenda, kwa sababu ndiyo iliyonikalisha wima. Nilimwambia ya kwamba yeye akiumwa na jino huenda kwa daktari wa meno, hapelekwi kijijini kutafutiwa aliyemtazama akitafuna. Nilimwambia kama anataka kunizika aende anunue koleo, lakini asijifanye ananiuguza. Nilimuuliza daktari ni nani anayetia saini. Akasema, "Wewe, una akili zako." Nikatia saini iliyovuka mstari. Senge alianza kuomba kwa sauti. Walipokuwa wakinisukuma kwenda chumba cha upasuaji bado nilikuwa nawatukana, na muuguzi aliyeshika kitanda alikuwa akicheka huku ananiambia nitulie presha isipande.

Sikufa mezani.

Daktari alikuja kuniona nilipoweza kusikiliza. Alisema utumbo aliukuta zambarau. Waliusokotoa kwa mikono, wakaufunika kwa vitambaa vya maji ya moto, kisha wakasimama kungoja, maana hapo hakuna kingine cha kufanya. Ungekataa kurudi rangi, wangelazimika kuukata karibu wote, na mtu hawezi kuishi kwa uliobaki. Ukarudi, polepole, sehemu kwa sehemu. Akaukata ule utepe, akakipanua kile kishina ili usijisokote tena, akaulaza utumbo mwembamba upande mmoja na mnene upande mwingine. Kidole tumbo alikitoa, kwa kuwa kilikuwa kushoto, na siku kingeuma daktari mwingine angekitafuta kulia na kunipa alsa. Hilo la alsa nimeliongeza mimi.

Senge alikuwa amekaa kando ya kitanda na chungwa alilokuwa akinimenyea. Nilimngoja. Nikauliza kwa sauti, "Daktari, je, mtu anaweza kumpa mwenzake ugonjwa huu? Kwa kumtazama, tuseme?"

Daktari alinitazama, kisha akamtazama Senge. Nadhani alielewa, wagonjwa wa upande wetu amewaona. "Nani angempa?" akasema. "Alikuwa hajazaliwa."

Senge alimenya chungwa lake hadi mwisho. "Mungu ni mwema," akasema.

Nilidhani yameisha. Huo ndio ujinga wangu, kudhani kwamba neno la daktari likisemwa mbele ya mtu huwa limeingia. Nilipopona vya kutosha kuweza kutembea wima, familia ilifanya shukrani nyumbani kwetu Kaloleni. Hema lilikodishwa, viti vya plastiki vikajaa hadi njiani, spika zikafungwa zikitazama upande wa nyumba ya Kukhu, ambaye hakualikwa. Mlango wake ulikuwa umefungwa, na pazia limeshushwa mchana kweupe.

Pasta alihubiri kuhusu adui anayepanda magugu. Kisha Senge akasimama na kipaza sauti. Alisema adui alikuwa ameweka kitu katika tumbo la mtoto wetu. Alisema hamtaji mtu. Alisema Bwana alimwongoza daktari, akampa macho ya kukiona na mikono ya kukitoa, na adui akaaibika. Watu waliitikia, vichwa vikageuka kidogo kuelekea ule mlango, na kurudi.

Nikainuka. Mshono ulinivuta na sikujali. Nilichukua kile kipaza sauti kutoka mkononi mwake na nikasema nilizaliwa hivi. Nikasema utumbo wangu ulikaa vibaya nikiwa ndani ya mama yangu, hakuna kilichowekwa na hakuna kilichotolewa, muulizeni daktari. Nikasema hakuna aliyenitazama. Nikasema aliyenilea ndiye aliyeniokoa kwa simu, na mmemfungia ndani ya nyumba yake.

"Ameni!" mtu akapaza.

"Sijasema ameni!" nikasema. "Nasema ninyi ni waongo!"

"Haleluya!" Makofi yakapigwa. Mwanamke wa mbele alianzisha pambio, ngoma ikaidaka, wakasimama wote wakicheza, na Senge akanikumbatia kwa upole upande usio na kidonda, akalia shingoni mwangu kwa furaha. Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwangu. Wangeweza kunisikia hadi barabara kuu, na hakuna hata mmoja aliyenisikia.

Niliwaacha na chakula chao. Nikavuka njia na kugonga, na Kukhu akafungua kidogo, akanivuta ndani upesi, akafunga. Alikuwa gizani na shughuli yote ile ikimpigia dirishani. Nilikaa kwenye kiti chake nikamweleza kila kitu, utepe, kishina, kushoto na kulia, na lile jibu la daktari, kwamba nilikuwa sijazaliwa. Nikalirudia.

"Alisema hivyo, daktari?"

"Alisema, na Senge akiwa pale."

"Kumbe," akasema. Halafu akacheka, akajifuta macho kwa pindo la leso, akacheka tena. "Kumbe, mama. Na hujala?"

"Sijala. Siwezi kula cha wale."

"Sasa tumbo inaweza ugali?"

"Inaweza."

Alisonga ugali pale pale kwenye jiko lake, akapasha kunde, akanipakulia sahani ya mtu mzima, ile ambayo sikuwahi kuimaliza maishani mwangu. Alininawisha mikono. Akaiweka sahani mbele yangu. Kisha akachukua kigoda chake, akakigeuza, akakaa akitazama ukuta, mgongo kwangu.

"Kukhu, geuka."

"Kula, mama."

"Nimekueleza. Nilizaliwa nayo."

"Nimesikia. Huyo daktari amesoma, Mungu ambariki," akasema, akiwa bado ameutazama ukuta. "Lakini wewe kula kwanza."

Nje walikuwa wamefika ubeti ambao wote wanaujua. Nilikula sahani yote nikiutazama mgongo wake, na chakula kikashuka bila shida yoyote.